Mwenye duka aliyeirudisha ramani ya Jiji la New York ikachorwe upya: Yolanda García wa Melrose, Bronx Kusini

Supa wa Melrose (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu wa kiongozi wa biashara Mlatina (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) kwenye nyumba nafuu za Marekani niliuahidi kwenye ule wa kodi za vyumba, mkanifuata inboksi mpaka nikaona aibu. Haya, kaeni.

Niko Bronx, sehemu mojawapo ya Jiji la New York, mwaka wa kumi na sita sasa. Kazi yangu ni kusimamia jengo: taka, boila, mabomba, theluji ya mlangoni, na kuamua ugomvi wa makelele saa nane usiku. Huku mtu wa kazi hiyo anaitwa supa. Jengo langu liko Melrose, na mitaa michache kutoka hapo kuna kibustani cha Jiji chenye jina la mwanamke, Yolanda García. Kwa muda mrefu nilikipita nikidhani ni tajiri fulani aliyechangia mabenchi. Siku moja nazibua sinki la bibi mmoja wa ghorofa ya nne, akaniuliza, "Unajua kwamba kwenye ramani ya kwanza mimi sikuwepo?" Sikumwelewa. Akazima redio, akaanza kusimulia. Sinki lenyewe nilimaliza saa mbili baadaye.

Kwanza mjue Bronx Kusini ilivyoungua, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini watu waling'ang'ania mitaa ambayo mgeni angeiona jalala. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilichora ramani za kuonyesha mitaa ipi ni salama kukopesha. Mitaa ya weusi na ya wahamiaji maskini ikapakwa nyekundu. Ukiwa ndani ya wekundu huo, benki haikupi mkopo wa kununua nyumba wala wa kuezeka paa. Mwaka 1948 ikaanza kujengwa barabara kuu ya Cross Bronx, ikakata mitaa katikati na kuhamisha maelfu. Viwanda navyo vikaondoka. Ilipofika miaka ya 1970, mwenye jengo alikuwa akipiga hesabu anaona kodi hailipi hata mafuta ya boila, lakini bima ya moto inalipa. Mnajua kilichofuata. Na Jiji, likiwa limefilisika nusu, likafunga vituo vya zimamoto kubana matumizi.

Kati ya 1970 na 1980 kuna maeneo saba ya sensa hapa Bronx yaliyopoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Rudia kusoma hiyo namba. Rais Jimmy Carter alikuja mwenyewe Charlotte Street Oktoba 1977, akasimama katikati ya vifusi, akapigwa picha.

Sasa katika majivu hayo wapo waliobaki. Wenye vijumba, wapangaji, wenye gereji, wenye maduka. Familia ya Yolanda ilikuwa miongoni mwa hao, wana biashara yao mtaani Melrose. Walibaki wakati benki imekimbia, bima imekimbia, na polisi anapita na gari vioo vimefungwa.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jiji likakumbuka kwamba ile ni ardhi.

Naja na sehemu ya pili, niko kwenye basi.

Kiroboto Mkuu

Siti ya mbele. Mkuu usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

Zamda K

"Jiji likakumbuka kwamba ile ni ardhi." Hapo umenigusa kaka yangu.

Mpimaji Ardhi

Mimi hii fani nimeifanya, nasubiri uingie kwenye mpango wenyewe. Ninachotaka kujua ni kimoja: waliitwa lini? Mwanzo wa mpango au mwisho?

Supa wa Melrose

Mpimaji, umeuliza swali lenyewe. Waliitwa mwisho.

Jiji lilikuwa na mpango unaoitwa Melrose Commons: vitalu thelathini na kitu, nyumba mpya elfu mbili na zaidi, bustani kubwa katikati, barabara zimenyooshwa. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri kweli. Wapangaji wa mji walikuwa wameufanyia kazi kwa miaka. Tatizo ni kwamba mle ndani walikuwa bado wanaishi karibu watu 6,000, na biashara karibu 80 zilikuwa wazi. Wengi wa watu hao kipato chao hakikufika dola 12,000 kwa mwaka. Nyumba mpya zilipangiwa watu wa kipato cha kati. Maana yake mwenyeji aondoke, apishe mpangaji anayefaa.

Na Jiji lilikuwa na sheria mkononi. Likishatangaza eneo kuwa la kufufuliwa, linaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, likakulipa fidia ya duka lililo kwenye mtaa ambao kwa miaka ishirini kila mtu alisema hauna thamani. Fidia ya bei hiyo unakwenda kufungua duka wapi?

Wenyeji wakajua 1992, mpango ukiwa umeiva. Mikutano ikawa moto. Ndipo Yolanda na wenzake wakaunda kamati wakaiita Nos Quedamos, Kihispania, maana yake "Tunabaki". Mnaona jina hilo halina "hatutaki" ndani yake? Hawakupinga ujenzi. Wao walikuwa wameutamani kuliko mtu yeyote, wameishi kati ya viwanja vitupu muda wote ule. Walichotaka ni kuukuta ukiisha.

Hapo ndipo naipenda akili ya mwenye duka. Mwanaharakati wa kawaida angesema vunja mpango. Mwenye duka anajua mteja mwenye pesa akiondoka kwa hasira harudi. Kwa hiyo hakumfukuza Jiji. Alisema: tupeni muda, leteni wachoraji wenu hapa mtaani, mezani kwetu, tuchore pamoja. Fernando Ferrer, aliyekuwa mkuu wa Bronx (ni cheo cha kuchaguliwa, msikifananishe na cha kwetu), naye akasimama upande wao.

Basi Jiji likaja. Maafisa wa nyumba, wa mipango, wa usafiri, wa mazingira, wakawa wanakaa na kina mama wa Melrose wiki baada ya wiki. Ndani ya mwaka mmoja ilifanyika mikutano zaidi ya 160. Gawanyeni wenyewe kwa majuma 52. Na huyu mama ana duka la kuangalia.

Binti Tabora

Mikutano 160! Sisi mkutano wa mtaa ukiitishwa mmoja kwa mwaka watu wanauliza kama kuna soda.

Kiroboto Mkuu

Na soda isipokuwepo akidi haitimii.

Mpimaji Ardhi

Walichobadilisha ni nini hasa? Maana mikutano hata mingi kiasi gani, ukitoka na mchoro uleule ni maigizo. Nimekaa kwenye maigizo hayo nikiwa upande wa ofisi, sijivunii.

Supa wa Melrose

Walibadilisha mambo ya msingi. Nitataja yale yaliyonifurahisha.

Ile bustani kubwa ya katikati. Wachoraji waliipenda sana, ndiyo ilikuwa moyo wa mchoro. Wenyeji wakauliza: usiku nani ataiona? Bustani kubwa isiyotazamwa na dirisha la mtu, katika mtaa wenye dawa za kulevya na bunduki miaka ile, si bustani tena. Wakaomba vibustani vidogo, vilivyosambaa, kila kimoja kiwe na madirisha yanayokichungulia. Mtaalamu wa chuo anaweza kukwambia hiyo ni nadharia fulani. Kina mama wa Melrose walikuwa wanasema tu mtoto achezee ninapomwona nikiwa jikoni.

Barabara zilizotakiwa kufutwa au kunyooshwa nyingi zikaachwa, kwa sababu pembeni yake kuna watu. Majengo marefu yakasogezwa kwenye barabara kubwa, mafupi yakaingia ndani kwenye mitaa midogo. Chini ya ghorofa za barabarani yakawekwa maduka. Ile idadi ya watakaohamishwa ikapungua sana, na atakayelazimika kupisha akatafutiwa nafasi mlemle ndani.

Mpango mpya ulipita 1994. Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mchoro lilikuja baadaye: kamati haikuvunjika. Iligeuka shirika lenye ofisi, likaingia ubia na wajenzi, likawa na sauti kuhusu nani anajenga na anamjengea nani. Zikaanza kutoka nyumba: Plaza de los Angeles, zile za familia tatu, mwenye nyumba anakaa sehemu moja na kupangisha mbili zimsaidie kulipa mkopo. La Puerta de Vitalidad. Palacio del Sol. Majina ya Kihispania kwa makusudi. Huwezi kumwambia mtu ahame kwenye nyumba iliyoitwa kwa lugha ya mama yake, au unaweza, lakini utaona haya kidogo.

Yolanda alifariki 2005. Hakuona Via Verde, jengo la 2012 ambalo kila mwandishi wa usanifu alikuja kulipiga picha: makazi 222, ya kupanga 151 na ya kumiliki kwa ushirika 71, paa linashuka kama ngazi na juu yake kuna bustani, watu wanapanda mboga. Hakuona pia Melrose Commons ikipata cheti cha mtaa unaojali mazingira, ya kwanza katika jimbo la New York. Shirika lipo mpaka leo, linaongozwa na Mlatina mwingine, Jessica Clemente.

Mchambuzi wa Himo

Naomba niwe mchawi wa sherehe. Mkuu umetuambia utaleta kiongozi wa biashara, umeleta mwanaharakati mwenye duka. Biashara iko wapi? Nyumba za bei nafuu zinajengwa kwa pesa, haziwi kwa nyimbo. Nani alilipa?

Supa wa Melrose

Swali halali kabisa Mchambuzi, wala si uchawi.

Sehemu kubwa ya pesa ya nyumba hizi Marekani inatoka kwenye kitu kilichozaliwa na sheria ya kodi ya mapato ya 1986. Nitaeleza kama nilivyoelezwa na mhasibu wetu. Serikali haimpi mjenzi fedha. Inampa haki ya kupunguziwa kodi, tuiite hati ya nafuu, inayotumika kwa miaka 10. Mjenzi mdogo au shirika la mtaani halina kodi ya maana ya kupunguza, kwa hiyo linaiuza hati kwa benki au kampuni kubwa yenye kodi nyingi. Benki inatoa fedha taslimu leo, jengo linasimama, na benki inakata kodi yake kidogokidogo miaka yote hiyo. Kwa kuwa sehemu ya jengo imelipwa hivyo, mkopo unakuwa mdogo, na mkopo ukiwa mdogo kodi ya pango ya mpangaji inaweza kushuka. Sharti ni kwamba jengo libaki la watu wa kipato cha chini kwa miaka isiyopungua 15, na kwa kawaida 30.

Kuna pia sheria ya 1977 inayozitaka benki zikopeshe hata kwenye mitaa zinakochukua akiba za watu. Ile rangi nyekundu ya miaka ya 1930 ilijibiwa, ingawa kwa kuchelewa miaka arobaini.

Sasa hapo mwanamke wa duka anakaa wapi? Anakaa mezani ambako hati, mkopo, kiwanja cha Jiji na mjenzi vinakutana. Bila mtu wa mtaani mwenye nguvu pale, mjenzi anapewa kiwanja cha bure na kujenga kinachomlipa. Hiyo ndiyo biashara ngumu kuliko zote, kuuza kitu ambacho hukimiliki, yaani ridhaa ya watu wako, bila kuwauza wao.

Zamda K

Hiyo sentensi ya mwisho ifremiwe.

Dada wa Boston

Salamu kutoka Massachusetts. Supa, umenikumbusha Villa Victoria, makazi ya hapa South End, mtaa wa Boston. Wenyeji wake ni watu wa Puerto Rico, na ilikuwa mapema zaidi, 1968. Jiji lilitaka kuwaondoa watu kwenye kiwanja namba 19, wapangaji wakaandamana na kauli yao, "No nos mudaremos de la Parcela 19", hatuhami kiwanja namba 19. Wakapewa haki ya kukijenga wenyewe. Waliweka hadi uwanja wa katikati kama plaza ya mji wa nyumbani. Shirika lao, Inquilinos Boricuas en Acción, linaongozwa na Vanessa Calderón-Rosado tangu 2003. Mimi naenda pale kila kiangazi kwenye tamasha lao, chakula usiulize.

Wasomaji wa nyumbani wajue kitu kimoja: watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917. Hawawezi kurudishwa kwao kwa makaratasi kama sisi. Ila hilo halikuzuia wahamishwe na tingatinga.

Supa wa Melrose

Ahsante dada. Na kuna njia nyingine, ya kupanda ngazi ndani ya serikali. Lourdes Castro Ramírez, mzaliwa wa Mexico, aliongoza mamlaka ya nyumba ya San Antonio kuanzia 2009, akaenda Washington kwenye wizara ya nyumba wakati wa Obama, akarudi kuwa waziri wa jimbo la California anayeshughulikia biashara na makazi, na sasa anaongoza mamlaka ya nyumba ya Jiji la Los Angeles. Huyo anasaini bajeti ambazo Yolanda alikuwa anazipigia magoti. Ninawaheshimu wote, lakini kama mnaniuliza ni hadithi ipi nitamsimulia mwanangu, ni ya duka.

Mpimaji Ardhi

Sisi wa Kigamboni tunaielewa vizuri kabisa hiyo hali ya kuishi ndani ya ramani ya mtu mwingine. Tangu 2008...

Supa wa Melrose

Mpimaji nakuheshimu, ila hiyo ianzishie uzi wake, nitakuja kukaa siti ya mbele. Tukiifungua humu hatutatoka.

Mchambuzi wa Himo

Nimeridhika kwenye pesa. Sasa twende kwenye kidonda. Hizo nyumba nafuu, ni nafuu kwa nani? Nina binamu Bronx analipa zaidi ya nusu ya mshahara.

Supa wa Melrose

Nilikuwa nasubiri nani atalisema.

Kanuni ya Marekani ni kwamba kodi ya pango isizidi asilimia 30 ya kipato chako. Nzuri. Lakini jengo halipangiwi kipato *chako*. Linapangiwa kipato cha katikati cha eneo zima, na katika hesabu ya New York wanachanganya Bronx na Manhattan, na juu yake wanaongeza kaunti za nje kama Rockland na Putnam, kwenye majumba yenye nyasi. Ukichanganya supu ya Melrose na mafuta ya Rockland, kinachoitwa "cha chini" kinakuwa juu ya kichwa cha mtu wa Melrose. Kwa hiyo tangazo linasema nyumba nafuu, jirani anajaza fomu, anajibiwa kipato chako hakitoshi. Hatoshi kwa nyumba ya maskini! Mimi nimewafungulia watu mlango wakiwa na barua hiyo mkononi, sijui hata cha kuwaambia.

Halafu kuna bahati nasibu. Ndiyo, makazi haya yanatolewa kwa bahati nasibu, unajisajili mtandaoni, maelfu kwa maelfu wanagombania vyumba mia. Zamani nusu ya vyumba vilitengewa wakazi wa wilaya jengo lilipo. Ndiyo roho ya "Tunabaki". Ikafunguliwa kesi 2015: mji uliotengwa kwa rangi, ukimpa kipaumbele mwenyeji kila mahali, unaendelea kuutenga. Mweusi wa Bronx anapata Bronx tu, nafasi ya mitaa ya kitajiri haimfikii. Mwaka 2024 wakafikia makubaliano, ile nusu ikashuka hadi asilimia 20.

Nimeligeuza suala hili kichwani miaka yote na sijapata usingizi nalo. Aliyefungua kesi ana hoja. Aliyekaa ndani ya moshi wa 1977 naye ana hoja, tena yake ina kovu. Ila nitasema ninapoegemea: aliyelinda mtaa bure wakati hakuna anayeutaka hapaswi kupanga foleni moja na mimi niliyekuja umeshapakwa rangi. Na nasema hivyo nikijua mimi ndiye ningekosa.

Binti Tabora

Mimi nakukatalia hapo kaka. Mtoto wa aliyefukuzwa zamani na moto, akahamia Brooklyn, yeye hana haki ya kurudi kwa sababu hakubaki? Kubaki nako kulihitaji bahati.

Supa wa Melrose

Dada, hilo sikuwa nimelifikiria. Nakubali limenikaa vibaya kifuani.

Kiroboto Mkuu

Leo supa kafungwa bomba. 😂

Zamda K

Mimi swali langu dogo tu. Yule bibi wa ghorofa ya nne, ambaye hakuwepo kwenye ramani. Alibaki?

Supa wa Melrose

Alibaki. Yuko palepale, na sinki linaziba tena kila baada ya miezi mitatu kwa sababu anamwaga mafuta ya kukaangia ndizi, na nikimwambia ananikumbusha nani alitangulia hapa.

Mwanawe ndiye hakuweza. Alijisajili bahati nasibu mara tisa. Majengo mengine kipato chake kilizidi kwa dola mia chache, mengine hakikufika. Sasa anakaa Pennsylvania. Anakuja Jumapili na wajukuu, anazunguka na gari saa nzima kutafuta pa kuegesha, halafu ananigongea mimi kuniuliza kama naweza kumwachia ile nafasi ya lori la taka mpaka jioni. Huwa namwachia.